Shuka Jeupe Juu ya Mtoma

Kokubanza alikuwa mtu wa kukucheka kwanza, halafu ndiyo akukaribishe. Siku ya kwanza nilipopita kwake na mfuko wangu wa nyundo, risasi ya kulehemia na mkasi wa bati, alinipa sufuria moja niizibe. Nilipomaliza akainyanyua, akaitazamisha juani, akafumba jicho moja.

"Fundi," akasema, "hapa naiona mpaka Bukoba."

Haikuwa kweli, kiraka kilikuwa kizuri. Lakini majirani walicheka, nami nikacheka, naye akaingia ndani akatoka na ebitoke, ndizi zetu za kupikwa, na maharage, na kisahani cha kahawa za kutafuna, zile punje tunazompa mgeni ili ajue ameketi kwa watu. Tangu hapo sikupita upande ule bila kusimama kwake, awe na chombo kibovu au asiwe nacho.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita na Uganda. Mimi nilikuwa natembea vijiji vya Muleba, natoka Kagoma napanda Kamachumu, nashuka tena, nikiziba masufuria, ndoo na taa za chemli. Kazi haikunipa shida. Madukani hakukuwa na kitu. Sabuni ilikuwa hadithi. Sufuria iliyotoboka haikutupwa, ilisubiri fundi kama mgonjwa anavyosubiri daktari. Kwa hiyo mtu wa kazi yangu alijua nyumba nyingi, na alijua kilichokuwa kinapikwa na pale ambapo hakikupikwa kitu.

Nyumba ya Kokubanza ilikuwa kwenye ukingo wa mlima, chini ya Kamachumu, mahali ambapo kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kinakwisha na bonde linaanza. Mbele ya ua palikuwa na mtoma mkubwa, mti ule ambao wazee walikuwa wakibandua magome yake kutengenezea nguo kabla ya vitambaa kufika. Ukisimama chini ya mtoma huo unaona bonde lote, na ng'ambo yake mlima mwingine, na juu ya mlima huo bati la zahanati liking'aa asubuhi. Kwa macho ni karibu, unaweza kudhani ukiita utaitikiwa. Kwa miguu ni kushuka mpaka kwenye mafunjo, kuvuka mto na kupanda tena, na kwa gari au pikipiki ni kuzunguka mbali sana kwa barabara.

Yeye alizaliwa Kagoma, akaolewa hapo ukingoni na mtu aitwaye Ndyamukama. Walipata mtoto mmoja ambaye hakukaa, na baada yake hawakupata mwingine. Wakwe zake walipokufa waliacha mtoto wa kiume bado mdogo, Yoeli, mdogo wake Ndyamukama. Kokubanza akambeba. Alimbeba mgongoni kwenda kuchambua kahawa kwenye chama cha ushirika, akambeba kwenda kanisani, kanisa la Kilutheri pale juu, mpaka wanawake wakamwambia mtoto huyu miguu yake itasahau ardhi. Yoeli hakujua mama mwingine. Alimwita Mawe, yaani mama, na hakuna aliyemsahihisha.

Kisha vita vikaja. Ndyamukama akaandikishwa mgambo, wakapandishwa lori wakiimba, wakaenda mpakani. Wenzake walirudi. Mmoja akasema alimwona akianguka upande wa pili wa mto Kagera. Mwingine akasema hapana, yuko Uganda, kaoa huko na ananenepa. Kokubanza aliwasikiliza wote wawili, akawapa kahawa za kutafuna wote wawili, na matanga hakuweka. Alisema atalia akionyeshwa. Habari za mdomo, alisema, ni kama moshi, huwezi kujua nani anapika.

Wazee wa ukoo walianza kukitazama kibanja. Kwa desturi zetu mjane hana kibanja; kibanja ni cha ukoo, naye hukaa kwa ajili ya mwanamume wa ukoo huo. Mwanamume aliyekuwapo alikuwa Yoeli, na Yoeli akasema mbele ya wazee, sauti yake ikiwa bado haijakomaa, kwamba Mawe hatoki. Kokubanza aliisimulia habari hiyo mpaka watu wakachoka. Alifuma mikeka, akachambua kahawa, akapalilia migomba yake na ya wengine, Yoeli akasoma, akarudi akiwa karani wa chama cha ushirika na suruali yenye mkunjo mbele.

Lililobaki alilitamani wazi, wala hakuona haya kulitaja. Kwetu bibi harusi akifika kwa mumewe hupakatwa na mama wa mume. Huketishwa mapajani kama mtoto mchanga, watu wakitazama, na kabla ya hapo bado ni mgeni tu. Kokubanza alitaka kupakata. Alikuwa amekwisha kufuma mkeka wa kukalia siku hiyo, wenye ukindu mweusi na wa zambarau, akauviringisha akauweka juu ya dari. Nilimwambia mkeka utaliwa na panya kabla kijana hajaoa. Akaniambia panya wa nyumba hii wanasali, si kama mafundi wanaotembea Jumapili.

*

Uvimbe ulianza kwenye titi la kushoto. Aliuficha mpaka ukapasuka. Yoeli alimpeleka Bukoba, hospitalini wakamtazama, wakasema ni kansa na imekwisha kutembea. Wakamtajia Dar es Salaam. Yeye aliuliza kama huko Dar es Salaam kuna mtu aliyekwenda na kansa ya namna ile akarudi bila kansa. Daktari alikuwa kijana mkweli, akasema si kwa hali hii. Basi, akasema Kokubanza, nirudisheni kwetu, maana kufa najua hata bila kupanda meli.

Zahanati ya ng'ambo ilikuwa na muuguzi, Anatolia, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu. Alikuwa amefundishwa kutunza watu wa namna hiyo nyumbani mwao. Aliniambia yeye mwenyewe, kuponya hawezi, lakini mtu akifa hana haja ya kufa anapiga kelele. Alikuwa na dawa ya maji, chungu sana, kwenye chupa ya rangi ya kahawia, na kipimo chake ni yeye tu aliyeruhusiwa kukiongeza. Maumivu yakizidi kipimo, lazima aje. Alikuwa na pikipiki ya zahanati pia, ila petroli ya miaka ile mnaikumbuka. Hakuweza kuzunguka kila siku kwenda kumwona mgonjwa ambaye labda amelala vizuri.

Ndipo wakapatana kuutumia mtoma. Anatolia alileta shuka jeupe la zahanati na blanketi jekundu. Kila asubuhi, ukungu ukishapanda kutoka bondeni, Yoeli atundike kimoja kwenye tawi la mbele. Jeupe, mgonjwa kalala, dawa inatosha, damu haipo. Jekundu, njoo. Na mti ukikutwa mtupu mpaka saa sita mchana, hakuna mgonjwa tena, tumefiwa. Anatolia akitoka nje na kikombe chake cha chai atatazama ng'ambo, na atajua.

Kokubanza alilipenda jambo hilo mno. Kitanda chake kilikuwa mkabala na mlango, na kutoka pale aliona tawi. Nilimkuta siku moja akimwelekeza Yoeli alivute shuka liende kulia kidogo, lisionekane kama limefuliwa na mvivu. Akaniambia:

"Unaona, Fundi? Mimi sasa ni kama bendera ya serikali. Nikipanda wananitazama, nikishuka wananitazama."

Jekundu lilipotundikwa mara ya kwanza, jua halijakaa sawa utosini pikipiki ikaingia uani. Anatolia akaosha kidonda, akaongeza kipimo, wakacheka na mgonjwa wake juu ya jambo la mwanamume fulani wa Kagoma ambalo sitaliandika. Kokubanza akalala. Aliponisimulia baadaye alisema hakufurahia dawa kama alivyofurahia kuonekana. Mume wake alipotea hakuna aliyemwona. Yeye, akasema, anaonwa kutoka mlima mwingine.

*

Nilikwenda visiwani kipindi fulani, kwa wavuvi, ambao masufuria yao hutoboka kuliko ya nchi kavu. Niliporudi, Yoeli mwenyewe ndiye aliyenitafuta sokoni Kamachumu. Alinisalimu kwa heshima, akaniita Tata, yaani baba. Alikuwa na masufuria makubwa, ya kuazima, yanavuja, na kulikuwa na wageni Jumamosi. Watu wa Kagondo, kule Bukoba, wanakuja kuona nyumba kabla hawajatoa binti yao.

Nilimpongeza. Nikamwambia Mawe wako atafurahi. Akasema ndiyo, akatazama viatu vyake.

Lazima niseme kidogo juu ya wakati huo, kwa ajili ya vijana. Ulikuwapo ugonjwa uliotuingia baada ya vita, nasi tuliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyotoka Uganda. Ulimaliza nyumba. Ukipita njiani unaona ua umeota majani, unajua. Watu waliogopana. Aliyetaka kuoa au kuoza alituma watu wake waulize kimya kimya: katika nyumba ile nani amekonda, nani anaendewa na muuguzi. Na Anatolia, pamoja na wagonjwa wake wa kansa, aliwatunza na hao. Kwa hiyo pikipiki yake ilikuwa na jina. Ikisimama mlangoni kwako, watu hawakuuliza umeugua nini. Walikwisha kujua wenyewe, au walidhani wanajua.

Nilifika ukingoni Ijumaa kabla jua halijawa kali. Juu ya mtoma kulikuwa na shuka jeupe, nikasema moyoni, vizuri. Ua ulikuwa umefagiwa, nyasi mbichi zimetandikwa sebuleni kama desturi inavyotaka, harufu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, imejaa. Eufrazia, mke wa jirani, alikuwa akipitapita na kanga mpya akiwaelekeza wasichana. Mlango wa Kokubanza ulikuwa wazi na kitanda hakikuwapo. Mahali pa kitanda palikuwa na viti.

Niliketi chini ya mtoma, nikawasha moto wangu. Ndipo nikasikia sauti nyuma ya nyumba, kule kwenye kibanda cha kuni. Nilidhani ni ng'ombe anayezaa. Ikakatika, ikaanza tena, na nikajua si ng'ombe.

Nilimwuliza Yoeli. Akasema Mawe amehamishiwa nyuma kwa sababu ya upepo wa mlangoni, na sasa analala, nisimsumbue. Nilimwambia nitamsalimu tu, maana siwezi kula katika nyumba bila kumsalimu mwenyewe. Eufrazia akadakia, kwa utani lakini si utani, kwamba mafundi waliitwa kuziba masufuria si kuziba watu. Nikainuka nikaenda.

Kokubanza alikuwa amelala kwenye majani ya migomba yaliyokauka, na blanketi dogo. Alikuwa amepungua. Kidonda kilikuwa hakijaoshwa muda mrefu, hilo halikuhitaji kuambiwa. Chupa ya kahawia ilikuwa pembeni yake, imelazwa, tupu. Alikuwa ameuma ncha ya kanga, na alipoiachia ili kusema nami alisema haraka, kama mtu anayevuka njia kabla gari halijafika.

Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia visiwani. Akasema ndiyo maana nanuka dagaa. Halafu maumivu yakamchukua, nikangoja. Yalipomwachia kidogo akasema:

"Fundi, Anatolia amenitupa."

Nikamwuliza kwa vipi.

Akasema Yoeli hutundika jekundu kila asubuhi, na kila jioni huja kumwambia hawakuja. Yoeli amesema labda petroli. Baadaye akasema labda wamepata wagonjwa wengine. Na juzi akasema, Mawe, nadhani wamekuchoka.

"Wewe hupita ng'ambo," akasema. "Ukipita, mwambie sikasiriki. Lakini aniambie nilimkosea nini. Nikijua nitanyamaza."

Mimi nilikuwa nimeketi dakika chache kabla ya hapo chini ya shuka jeupe. Sikuweza kumwambia, kwa mambo mawili: sikuwa na dawa, na alikuwa mle ndani peke yake na huyo aliyelitundika. Nilimwambia nitafikisha. Nilirudi kwenye moto wangu nikaziba masufuria yale yote, kwa sababu ningeondoka ghafla Yoeli angejua. Sijawahi kuziba vizuri hivyo. Nilipomaliza nilikataa chakula, nikasema natakiwa zahanati, sufuria yao ya kuchemshia sindano imetoboka. Yoeli akaniangalia. Akataka kusema kitu, na Eufrazia akamwita, akauliza kama ule mkeka wenye zambarau ndio atakaoukalia yeye.

Ndivyo nilivyopata kujua kwamba mama wa nyumba ile, kwa wageni wa Kagondo, alikuwa amekwisha kubadilishwa.

*

Nilishuka bondeni nikavuka mto nikapanda. Anatolia nilimkuta nje ya zahanati akianika bandeji. Kabla sijapumua akanielekeza ng'ambo kwa kidevu.

"Rafiki yako hajambo, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Mwezi huu wote jeupe. Nilijua kipimo kile kitamfaa."

Nikageuka. Ilikuwa kweli. Ukitazama kutoka pale, shuka lilikuwa dogo kama jino, safi, limevutwa kulia kidogo, jinsi mwenyewe alivyopenda. Hapakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba nyuma ya nyumba ile kuna kibanda.

Nilimwambia. Sikueleza mengi, nilimwambia chupa ni tupu na nilimwambia majani ya migomba. Aliacha bandeji nyingine ndani ya beseni. Petroli aliyokuwa nayo ilikuwa ya kwenda Bukoba kuchukua dawa za mwezi, akaitia yote kwenye pikipiki, nami nikapanda nyuma nikiwa nimekumbatia mfuko wake.

Tuliingia uani alasiri. Injini ya pikipiki ile ilikuwa na kelele, na watu walitoka kwenye nyumba zote za njiani kutazama inakokwenda. Yoeli alisimama mlangoni. Nilimwona akihesabu nyuso za majirani. Anatolia hakumsalimu, akapita moja kwa moja nyuma.

Kokubanza alipomwona aligeukia ukuta. Anatolia akapiga magoti, akamshika mguu, akasema, "Ma Kokubanza, mimi nimeona jeupe. Kila asubuhi nimeona jeupe."

Kokubanza hakugeuka. Kisha akasema, akiwa bado anatazama ukuta, "Jeupe?"

"Jeupe."

Alimwacha Anatolia afanye kazi yake. Alikunywa dawa, akaoshwa, kidonda kikafungwa upya, na dawa ilipoanza kufanya kazi uso wake ulirudi, tukamwona ni yeye. Hapo ndipo alipoomba aitiwe Yoeli.

Yoeli aliingia, akachuchumaa. Alianza kusema bila kuulizwa. Watu wa Kagondo, alisema, wanauliza kila nyumba. Wameshawakataa vijana wawili wa hapa Kamachumu kwa sababu ya pikipiki tu. Yeye hakutaka ubaya. Alitaka wageni wapite kwanza, Jumamosi ipite, halafu angetundika jekundu hata kila saa. Alisema, Mawe, wewe mwenyewe ulitaka nioe.

Kokubanza alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wale wawili waliokuja na habari za mumewe.

"Ulikuwa unanisikia usiku?" akamwuliza.

"Nilisikia, Mawe."

"Kukipambazuka ukachukua shuka."

Yoeli aliiokota chupa tupu, akaisimamisha ukutani.

"Ukalivuta kulia?"

"Ndivyo ulivyonifundisha," akasema Yoeli, akaanza kulia.

Nilifikiri atamlaani. Kuna wanawake wa kwetu ambao wangefunua titi lile bovu wakamwonyesha, na laana hiyo haiondoki. Yeye hakufanya hivyo. Alisema amekuwa akimlilia mtu asiye na kosa, akawa anamchukia wa ng'ambo kumbe adui yuko humu humu anamletea uji. Alisema angeambiwa tu. Angeambiwa, Mawe, vumilia mpaka Jumamosi, angeuma kanga akavumilia, na angejua anavumilia kwa ajili gani.

Kisha akasema apelekwe ng'ambo.

Watu walishtuka. Mgonjwa wa namna ile haondoki nyumbani. Kwetu mtu hufia kwenye kibanja chake na huzikwa chini ya migomba yake, na anayefia mbali hurudishwa kwa gharama yoyote. Hata Anatolia alimwambia afikirie, zahanati haina wodi, ina kile chumba tu cha akina mama wanaosubiri kujifungua. Kokubanza akajibu, "Hicho hicho. Huku sionekani."

Majirani watatu pamoja nami tukambeba kwenye machela, mimi nikiwa kona ya nyuma. Yoeli alitaka kushika kona, Kokubanza akasema machela imetosha. Tulipopita chini ya mtoma hakuinua macho.

*

Ninyi mtauliza kuhusu wageni. Wageni walikuja. Waliambiwa mgonjwa alikuwa shangazi aliyepita tu, sasa amekwenda Bukoba. Nyumba ilikuwa safi, rubisi ilikuwa nzuri, masufuria hayakuvuja. Kuondoka kwa Kokubanza kulimrahisishia Yoeli, na hilo mimi ndilo lililoniuma kuliko yote, ingawa sikuwa mtu wa ukoo. Arusi ilifungwa kabla ya senene kuanza kuanguka. Ngoma na kwaya vilisikika mpaka zahanati. Kokubanza alikuwa ameketishwa nje, na mto mgongoni, katikati ya wale wajawazito, ambao walikwisha kumzoea na kumpa majina ya watoto achague. Alisikiliza. Ngoma zilipobadilika tukajua sasa bibi harusi anaketishwa mapajani. Akatazama mapaja yake mwenyewe, yaliyokuwa yamebaki mifupa, akasema labda ni afadhali, mtoto wa watu angechomwa.

Wanawake wakacheka. Mimi sikuweza.

Dawa ilimtosha, hilo naweza kushuhudia. Anatolia alipita asubuhi na jioni, akamwuliza mwenyewe kwa mdomo, naye akajibu kwa mdomo, hakuna kitambaa kati yao.

Asubuhi moja baada ya arusi ukungu ulipanda, tukaona kitu juu ya mtoma. Lilikuwa blanketi jekundu. Siku ya pili lilikuwapo, na ya tatu, lilinyeshewa likaning'inia. Yoeli hakuja. Angeweza kushuka na kupanda, ana miguu ya kijana, lakini alitundika.

Anatolia alikwenda kuketi kitandani kwa Kokubanza. Akamwuliza kwa upole, tumwendee?

"Kule nani anaumwa?" akauliza Kokubanza.

Anatolia akasema anadhani ni Yoeli.

Kokubanza alivuta uzi wa shuka. Halafu akanitafuta kwa macho, akaniambia kwa kuwa mimi miguu yangu haina kwao, nipite kule nimpelekee neno.

"Mwambie atundike lile jeupe," akasema. "Huwa linamaliza maumivu."

Nilikwenda. Nilimkuta Yoeli chini ya mti, na mkewe mlangoni, msichana mpole, hakujua kitu. Nilimwambia neno lile kama nilivyopewa, sikuongeza wala sikupunguza. Alilipokea akiwa amesimama. Mkewe akaniletea kahawa za kutafuna, nikatafuna, kwa sababu yeye hakuwa na kosa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimekwisha kurudi ng'ambo. Ukungu ulikawia bondeni. Ulipopanda, wanawake waliokuwa nje wakaacha mazungumzo yao. Tawi halikuwa na jekundu wala jeupe. Tulingoja, tukidhani amechelewa kuamka. Jua likafika katikati, na mtoma ukabaki mtupu.

Kokubanza aliomba ainuliwe. Alitazama mti wake kwa kitambo, mkono juu ya macho kukinga jua, akaona vizuri.

"Haya," akasema. "Huko nimekwisha kufa."

Akaomba uji, akanywa nusu yake.